Kupunguza gharama za kuleta mzigo: maswali ya wenye maduka madogo Mombasa

Nina duka la vyombo vya nyumbani hapa Mombasa, si mbali na Mwembe Tayari: sufuria, ndoo, chupa za chai, mapazia, vitu vya bibi harusi. Bidhaa nyingine nazitoa Uchina, chache India, nyingi Nairobi. Maswali haya nimeulizwa dukani, nimeulizwa barazani, na mengine nimeulizwa usiku kwa simu na mtu ambaye mzigo wake umeshakwama. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu kwa mdomo. Utaniona nikirudia mambo mawili mpaka uchoke: hewa na siku. Mara nyingi kinachommaliza mwenye duka dogo si meli kuwa ghali. Ni kulipia hewa iliyomo ndani ya maboksi, na kulipia siku ambazo mzigo umelala.

Bandari iko hapa Kilindini. Mbona mzigo haunijii kwa nafuu kumshinda mtu wa Nairobi?

Unaweza kukujia kwa nafuu, ila uusimamie. Kukaa karibu na bandari kunakuondolea kipande kimoja tu, ile safari ya kama kilomita 480 ya kupanda bara. Nauli ya meli, gharama za bandarini, kodi, ajenti na bima ni zile zile.

Na kuna wenzetu wanaokipoteza hata hicho kipande. Wasafirishaji wengi wa mizigo ya kuchangia, yaani maboksi ya wateja wengi ndani ya kontena moja, wana godauni zao Nairobi. Kontena linashushwa Kilindini, linapandishwa reli mpaka Embakasi, linafunguliwa huko, halafu maboksi yako yanateremshwa tena Mombasa kwa lori. Mzigo umepita mlangoni kwako, umekupungia mkono, na wewe umeulipia kwenda na kurudi. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa uliza: kontena litafunguliwa wapi? Na kwenye hati ya shehena, ile B/L, mahali pa kufikishia mzigo paandikwe Mombasa. Kubadilisha baada ya meli kutia nanga ni kazi, na ni pesa.

Nikipunguza nauli kwa shilingi 100, nimeokoa 100 tu?

Umeokoa zaidi. Forodha ya Kenya hupiga kodi juu ya thamani ya CIF, yaani bei ya bidhaa, bima na nauli ya kufika Mombasa vikiwa pamoja. Nauli ikipanda, kodi inapanda nayo.

Chukua bidhaa yenye ushuru wa asilimia 25, ambacho ndicho kiwango cha bidhaa nyingi zilizokamilika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki (nyingine ziko kwenye asilimia 35 tangu Julai 2022). Shilingi 100 ya nauli inazaa ushuru wa 25. VAT ya asilimia 16 inapigwa juu ya 125, hiyo ni 20. Ada ya tamko la uagizaji, IDF, ni asilimia 2.5. Tozo ya reli ni asilimia 2 baada ya kupandishwa Desemba 2024. Jumla 49.50. Ile mia ya nauli imekula karibu mia na hamsini kabla boksi halijatoka getini. Ukiwa umesajiliwa kwa VAT, ambayo ni lazima mauzo yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka, ile 20 utaidai. Usiposajiliwa imekwenda.

Ndiyo maana hunishangaza mtu anayegombana na hamali kwa shilingi hamsini, na hajawahi kuuliza nauli ya meli ilihesabiwaje.

Na usidhani dawa ni ankara ya uongo. KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, wana rekodi za bei za bidhaa kama yako. Wakiitilia shaka ankara wanakupandishia thamani, mnaanza kubishana, na huku siku zinahesabiwa.

Hii hewa unayoisema kila mara ni ipi?

Mzigo wa kuchangia baharini hulipiwa kwa mita moja ya ujazo, ambayo sote tunaiita CBM, au kwa tani moja, lolote litakalozidi. Bidhaa za duka kama langu ni nyepesi, kwa hiyo tunalipia ujazo karibu kila mara. Hesabu yake ni ya darasa la sita: urefu mara upana mara kimo, kwa mita. Boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni CBM 0.12. Maboksi 100 ni CBM 12. Mwambie mwenye kiwanda akupunguzie boksi liwe 60 kwa 45 kwa 35, na maboksi 100 yatakuwa CBM 9.45. Umetoa zaidi ya CBM mbili na nusu na bidhaa ni zile zile.

Mimi nilijifunza hili kwa hotipoti. Niliagiza seti za tatu tatu, na zilipofika nikakuta kila hotipoti ina boksi lake la rangi, na sponji pembeni, ilhali ndogo inaingia ndani ya ya kati, na ya kati ndani ya kubwa. Nilikuwa nimelipia tumbo tupu la hotipoti kubwa mara mia kadhaa, kutoka Guangzhou mpaka hapa. Agizo lililofuata niliomba zipangwe moja ndani ya nyingine. Kiwanda hakikuongeza hata senti, kilitaka tu niseme kabla hawajaanza kufunga. Tena mteja wa Mombasa hanunui hotipoti kwa picha ya boksi. Anafunua kifuniko, anaigonga kwa kidole, anauliza bei ya mwisho.

Kila bidhaa ina hewa yake. Ndoo na mabeseni yapachikwe, na mikono ya ndoo ije kwenye mfuko wake. Viti vya plastiki vibebane. Meza na rafu zije zimefunguliwa, fundi wa kuziunga hapa hakosekani. Mapazia, mito na mablanketi yanaweza kunyonywa hewa kwa mashine yakawa kama chapati, ingawa kitambaa cha hariri bandia kitatoka na mikunjo na utamlipa mpiga pasi. Kwa glasi na vyombo vya udongo usifanye ubahili. Huko hewa ndiyo inayolinda mali.

Jambo moja la kuangalia: vipimo vya kwenye katalogi si vipimo vya kulipia. Godauni ya kule hupima boksi lilivyo, na boksi lililovimba tumbo hupimwa kwenye tumbo. Namtaka ajenti anipigie picha ya boksi likiwa na futi ya kupimia juu yake, pande tatu. Wengine humwona mteja wa namna hii msumbufu. Sawa, niitwe hivyo.

Mzigo wangu ni mdogo. Nichangie au nitafute kontena zima?

Kontena la futi 20 lina kama CBM 33 ndani, lakini maboksi hayajipangi kama matofali, kwa hiyo hesabu 26 mpaka 28. La futi 40, lile refu kwenda juu, lina kama 76, na kwa maboksi hesabu 68. Nauli ya la 40 kwa kawaida haifiki mara mbili ya la 20, ndiyo maana kwa vitu vyepesi la 40 huwa na CBM ya bei nafuu zaidi.

Usiamue kwa kukisia. Chukua gharama yote ya kontena zima mpaka likufikie, iwe nauli, bandari, ajenti na lori, uigawe kwa gharama yote ya kuchangia kwa CBM moja. Tuseme, kwa mfano tu, kontena la futi 20 ni dola 3,000 na kuchangia ni dola 200 kwa CBM. Jibu ni 15. Mzigo wako ukizidi CBM 15, kontena zima linakufaa hata likija na nafasi wazi. Watu wengi hushangaa kwamba mpaka huo uko karibu na nusu ya kontena. Wanasubiri lijae, wakati walishapita zamani.

Njia ya tatu ni wenye maduka kuungana. Sisi tuliwahi kuwa watatu: mimi na vyombo, mmoja na viatu, mmoja na vitu vya watoto. Safari ya kwanza ilikwenda vizuri na tukajiona werevu. Ya pili, mwenye viatu hakuwa amepata cheti cha ubora kabla ya kupakia, na kontena lote likashikwa pamoja naye, ndoo zangu zikiwa hazina kosa lolote. Forodha haijui kuwa mko watatu. Inamjua mmoja ambaye jina lake liko kwenye B/L. Yeye ndiye anayedaiwa kodi, yeye ndiye anayeweza kudai VAT, na yeye ndiye atakayeitwa ikipatikana bidhaa bandia ndani. Basi mkiungana: wote mnunue mji mmoja, kila mtu alete orodha yake ya maboksi na vyeti vyake kabla kontena halijafungwa, na pesa ya kodi iwe imeshakusanywa meli ikiwa bado baharini. Mwandikiane. Urafiki wa barazani ni mzuri, lakini bili ya bandari haikai barazani.

Muuzaji wa Uchina ananiambia "CIF Mombasa, nauli kidogo sana". Nifurahi?

Subiri kwanza. Kwa mzigo wa kuchangia, msafirishaji wa kule anaweza kukupa nauli ya chini mno, hata ya bure, kisha akajilipa huku. Mwenzake wa Mombasa ndiye anayeshika hati zako, na hatakuachia mpaka ulipe ada ya kushughulikia, ada ya hati ya kutolea mzigo, ada ya kufungua kontena, na nyingine ambazo hata majina yake ni mapya. Huwezi kumwacha ukaenda kwa mwingine, mzigo uko kwake.

Mimi hununua kwa FOB: muuzaji anafikisha mzigo kwenye meli na kumaliza forodha ya kwao, na nauli namlipa msafirishaji niliyemchagua mwenyewe. EXW ni mtego wa upande wa pili, bei inaonekana tamu lakini unaanza kulipa kutoka geti la kiwanda. Ukilazimika kuchukua CIF, pata kwa maandishi gharama zote za upande wa Mombasa kabla hujatuma pesa ya bidhaa. Akisita kuandika, umeshapata jibu.

Mzigo umeteremka salama na nauli nilishalipa. Hizi bili nyingine zinatoka wapi?

Hizo sasa ni siku.

Ukiwa na kontena zima kuna hesabu mbili za siku zinazotembea kwa pamoja. Ya kwanza ni ya mahali mzigo ulipolala, bandarini au kwenye kituo cha makontena, CFS, kama vile vya upande wa Changamwe na Miritini. Bandari kwa miaka mingi imetoa siku 4 za bure kwa mzigo wa ndani ya nchi, kisha hesabu inaanza, na kadiri unavyochelewa ndivyo kila siku inavyokuwa ghali. Ya pili ni ya kampuni ya meli, mwenye kontena lenyewe. Nayo ina siku zake za bure, na zikiisha inakudai dimareji, kwa dola. Watu hulipa moja wakadhani wamemaliza, kumbe nyingine bado inatembea mpaka kontena tupu lirudi mahali walipoelekeza.

Mwaka mmoja hati zangu halisi zilitumwa kwa kampuni ya vifurushi na meli ikazitangulia. Kontena likalala siku tisa zaidi ya muda wa bure. Usiku ule nilikaa na mke wangu kwenye meza ya kulia tukapiga hesabu, na faida ya ndoo zote nilizoagiza ilikuwa imeshaingia kwenye bili ya kulala. Tangu hapo sitaki karatasi halisi zinifuate. Nikishammalizia muuzaji malipo, anairudisha B/L kwa kampuni ya meli kule kule, na huku mzigo unatolewa kwa ujumbe tu. Watu wa kliaringi, wale wa kutoa mizigo forodhani, wanaiita teleksi. Ada yake ni ndogo mno ukiilinganisha na siku moja ya dimareji.

Mengine ni ya kujipanga. Ankara, orodha ya maboksi, cheti cha ubora, IDF na bima viwe mikononi mwa ajenti wiki moja kabla ya meli, maana tamko la forodha linaweza kuingizwa kabla meli haijafika. Siku za bure za kontena huombwa kabla ya kupakia. Omba 14 badala ya 7, mara nyingi wanakubali kwa sababu haiwagharimu kitu kusema ndiyo. Uliza kama Jumapili na sikukuu zinahesabiwa. Na pesa ya kodi iwepo. Naona wengi wanaagiza kwa pesa zote walizonazo, wakitumaini mauzo ya mwezi yatalipa kodi. Mauzo yakichelewa wiki, mzigo umelala wiki.

Cheti cha ubora kinanihusu hata na maboksi ishirini?

Kinakuhusu. KEBS, shirika la viwango la Kenya, wanataka bidhaa nyingi zikaguliwe huko zinakotoka na zije na cheti. Zikija bila cheti unakaguliwa hapa, kwa gharama zaidi na kwa siku zaidi. Kwa mzigo wa kuchangia, tafuta msafirishaji aliyesajiliwa na KEBS kwa kazi hiyo, na umwombe akuonyeshe usajili.

Wale wasafirishaji wanaotoza kwa kilo mpaka mlangoni, kodi ikiwa ndani, wanafaa?

Kwa anayeanza, ndiyo. Bei ni moja, huna habari na forodha, na ukiwa na maboksi matatu hakuna hesabu itakayoishinda. Lakini unalipia utulivu huo, na mzigo ukikua utaulipia sana. Tena uliza karatasi. Mzigo unaoingia kwa jina la mtu mwingine hauna tamko la forodha lenye PIN yako ya kodi, kwa hiyo VAT yake huidai, na tangu Januari 2024 gharama nyingi za biashara zinahitaji ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara wa KRA, ili wakukubalie. Kama hawezi kukupa hata ankara ya huduma yake, ile nafuu ya kilo itakurudia Juni wakati wa kujaza ritani.

Na usitume vitu vikubwa vyepesi kwa bei ya kilo bila kuuliza mpaka wa ujazo. Nao wanaijua hewa.

Ajenti wa kliaringi nimpate vipi asiyeniumiza?

Sheria inataka tamko liingizwe na wakala mwenye leseni, kwa hiyo hili huwezi kulikwepa. Ombi langu kwa kila ajenti mpya ni moja: bei iliyogawanywa. Ada yake peke yake, kodi peke yake, bandari peke yake, kampuni ya meli peke yake, kila malipo ya watu wengine na risiti yake. Ajenti anayetaja tarakimu moja ya mkupuo kwa kila kitu ama amejiwekea nafasi kubwa, ama atarudi na "kuna kitu kimejitokeza". Kodi ilipe mwenyewe kwa namba ya malipo ya KRA, usimpe mtu pesa ya kodi mkononi.

Mpe pia maelezo sahihi ya bidhaa, imetengenezwa kwa nini na ya kazi gani, ili apate namba sahihi ya ushuru. "Vitu vya jikoni" si maelezo. Sufuria ya alumini na sahani ya plastiki hazikai kwenye mstari mmoja.

Niagize lini nipate nauli nafuu?

Viwanda vya Uchina hufungwa kwa Mwaka Mpya wao, na wiki za kabla ya hapo kila mtu anataka meli. Nauli hupanda, nafasi hukosekana. Wiki kadhaa baadaye bado wafanyakazi wanarudi mmoja mmoja kutoka vijijini.

Kwa sisi wa Mombasa kuna jambo ambalo wengi halijawagonga vichwa. Mwaka Mpya wa Kichina hufuata mwezi mwandamo, na Ramadhani vile vile, na kwa miaka mitatu zinakutana. 2026 Mwaka Mpya wao ni 17 Februari na mfungo wa kwanza siku moja au mbili baadaye. 2027 ni 6 Februari, Ramadhani ikifuata nyuma yake tu. 2028 ni 26 Januari, hivyo hivyo. Mwaka 2029 ndipo zinapoachana. Maana yake ni kwamba chupa za chai, sinia, mapazia ya Idi, vyote vinatakiwa dukani wakati ule ule viwanda vimefunga. Ukiagiza Desemba umechelewa. Toa agizo Septemba au Oktoba, mzigo upande meli kabla Desemba haijafika katikati, na Shaabani ikukute unapanga rafu.

Mbona nauli inapanda hata vita vikiwa mbali na njia yetu?

Meli ya Uchina kuja Mombasa haipiti Suez. Lakini tangu mwisho wa 2023, meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu, nyingi za Ulaya zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari ndefu inakula meli nyingi zaidi kwa kazi ile ile, na zinazobaki kwa njia nyingine, yetu ikiwamo, zinapungua. Ukisikia habari za namna hiyo, omba bei yenye tarehe ya mwisho na upakie kabla ya tarehe hiyo.

Na dola?

Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika kama shilingi 160, na kabla mwaka huo haujaisha ilikuwa karibu 129. Aliyeweka bei ya rafu kwa dola ya 160 na hakuishusha alipoteza wateja, na ambaye mwaka uliotangulia hakuipandisha dola ilipokuwa ikipanda alipoteza mtaji. Angalia pia kiwango ambacho kampuni ya meli inatumia kubadilisha ada zake kwa shilingi. Mara nyingi si kile cha benki yako. Kama una akaunti ya dola, piga hesabu ipi ni nafuu.

Kwa ndege inafaa lini?

Kwa kitu kidogo, ghali, kinachotakiwa haraka: vipuri vya simu, vito, vipodozi. Ndege nayo inalipisha hewa, tena kwa ukali zaidi. Urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000. Boksi letu la 60 kwa 50 kwa 40, hata likiwa na kilo 6 za vifuniko vya plastiki, litahesabiwa kilo 20. Kampuni za vifurushi hugawanya kwa 5,000, na boksi likawa kilo 24.

Bima niikate? Naona ni pesa ya bure.

Sheria inataka mzigo unaoingia Kenya ukatiwe bima ya bahari kwa kampuni yenye leseni hapa, na jambo hilo lilisisitizwa tangu Januari 2017. Lakini tuache sheria. Kuna desturi ya kale ya bahari kwamba meli ikipata janga na gharama ya kuiokoa ikatoka, wenye mizigo wote huchangia, hata ambaye boksi lake halikuguswa. Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama Suez siku sita, mwenyewe akatangaza mchango huo, na mizigo ikabaki Misri na meli mpaka Julai. Mwenye bima, kampuni yake ndiyo inayoweka dhamana. Asiye na bima anatoa fedha taslimu ndipo apewe chake.

Mimi sinunui ng'ambo, mzigo wangu unatoka Nairobi. Kuna cha kupunguza?

Hapa ndipo penye nafuu kubwa, na watu hawaioni kwa sababu iko kila siku barabarani. Mombasa hushusha mizigo mingi kuliko inayopakia. Malori yanapanda bara na Uganda yamejaa, na mengi yanarudi pwani matupu au nusu. Dereva anayeteremka mtupu anachoma dizeli kwa hasara, kwa hiyo mzigo wowote kwake ni rehema. Hilo ndilo lori la kurudi.

Mwenye duka anayetuma sufuria za Kamukunji au nguo za Eastleigh kwa basi analipia kila kipande kivyake. Wakiungana wanne watano, mzigo ukakusanywa mahali pamoja, ukapanda lori la kurudi siku moja ya wiki, gharama kwa boksi inashuka kwa namna ambayo hata mimi nilidhani nimekosea hesabu. Sisi siku yetu ni Alhamisi. Atakayekosa anangoja Alhamisi nyingine, au apande basi peke yake.

Tahadhari zipo. Usipakie kwa dereva uliyekutana naye petroli stesheni. Pitia kampuni au wakala ambaye ofisi yake unaijua, upate hati ya mzigo yenye namba ya lori. Kila furushi liwe na jina la duka kwa wino usiofutika. Ankara ziende na mzigo, askari wa njiani wataziuliza. Na muulize mwenye lori kuhusu bima ya mzigo ulio safarini, maana ya gari haikufidii sufuria zako.

Tanzania je?

Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huingia bila ushuru zikiwa na cheti cha asili. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 uliomo kwenye orodha iliyokubaliwa, kuna cheti chepesi kinachotolewa pale mpakani. Mwenye duka wa Ukunda au Likoni yuko karibu na Lunga Lunga kuliko anavyodhani. Kumbuka ni bidhaa iliyotengenezwa huko. Ya Uchina iliyopita Dar es Salaam haihesabiwi.

Mzigo ukishafika mjini, natumia nini?

Kutoka Mwembe Tayari mpaka Marikiti au Mtaa wa Biashara, mkokoteni haujapata mshindani. Hauna foleni na hamali anajua kila uchochoro. Kutoka mjini kwenda Kisauni au Bamburi, tuktuk kwa maboksi machache, Canter, lile lori dogo, ukiwa na mzigo wa kujaza. Kosa ninaloliona ni kuita gari dogo mara nne kwa wiki badala ya kubwa mara moja.

Wa Pwani Kusini wanauliza kivuko. Mtu wa miguu Likoni halipi, gari linalipa, lakini gharama kubwa pale ni kungoja, kwa sababu mwenye Canter anakutoza muda wake hata asipoutaja. Mzigo unaotoka bandarini, CFS au Nairobi usiingizwe kisiwani kabisa. Upite barabara ya Dongo Kundu kutokea Miritini, uibukie Kibundani. Ukishaushusha Mwembe Tayari kwanza, ndipo unapolazimika kuchagua kati ya kurudi nyuma mpaka bara na kupanga foleni feri.

Babu yangu alileta mazulia kwa jahazi. Bado inawezekana?

Zamani majahazi ya Arabuni na India yalikuja na kaskazi, Desemba mpaka Machi, yakarudi na kusi, na nauli ilikuwa suala la upepo na nahodha. Leo Bandari ya Kale pale Mji wa Kale bado inapokea vyombo vidogo, sasa vikiwa na injini. Kodi ni ile ile ya Kilindini. Kabla hujapatana na nahodha, nenda kwa mtu wako wa bima umuulize kama atakukatia mzigo uliopakiwa jahazini, kisha rudi na jibu lake mkononi.